Kibo Kuna Njia, Mawenzi Hakuna

Saa tisa usiku, nimepiga magoti kwenye majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai, viganja chini, pua karibu iguse mlima, ndipo nilipokikumbuka cheti changu. Kipo sebuleni kwangu Tabata, kwenye fremu, juu kidogo ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione. Kinasema nimefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Nimeshakitumia kushinda mabishano mengi ya ofisini ambayo hayakuhusu milima hata kidogo.

Na sasa mlima usiofika hata mita 3,000 ulikuwa unanitoa machozi.

Nikipanda hatua mbili, majivu yananirudisha moja. Penye mwamba ni afadhali kidogo, lakini mwamba wenyewe ni majivu yaliyoshikana tu, ukiukanyaga vibaya unameguka kama andazi la jana. Mbele yangu kijana wa Kimaasai kutoka Engare Sero alikuwa anapanda na makatambuga miguuni, mikono nyuma, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Aligeuka mara moja tu. "Mama, usisimame. Hapa ukisimama unashuka."

Akili ikichoka hupenda hesabu za kujiumiza. Nikapiga hesabu. Kilele cha Lengai kinakaribiana kwa urefu na kambi ya kwanza ya njia ya Machame kule Kilimanjaro. Kambi ile tulifika jioni, tukavua viatu, tukaletewa bisi na chai ya tangawizi, tukapiga picha. Hakuna aliyelia. Kweli, Lengai unaanzia chini zaidi, na unapanda zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo mmoja usiku kucha bila kambi. Lakini hata nikiutoa urefu huo wa ziada, hesabu ilikuwa haikubali. Kulikuwa na kitu Kilimanjaro ambacho nilikitumia siku saba nzima bila kukiona, na Lengai hakikuwapo.

Kitu chenyewe kilikuwa chini ya viatu vyangu.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Kwetu mlima ulikuwa kitu cha kuangalia asubuhi ili ujue kama nguo zitakauka. Waliokuwa wanaupanda ni wageni, na aliyekuwa anawabebea ni baba mdogo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe. Alikuwa anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, midomo imepasuka, na sisi watoto tulikuwa tunajua kwamba kwenye mfuko wa koti kuna chokoleti iliyoyeyuka ikagandana upya. Yeye hakuwahi kusema amepanda mlima. Alikuwa anasema, "Nimetoka njiani." Nilidhani ni lugha ya wazee tu.

Nilipopanda mara ya kwanza nilikuwa na miaka 34, na wenzangu wanne wa kazini, kwa njia ya nyumbani kwetu hiyohiyo. Siku tano. Niseme ukweli mapema: mara ile sikufika Uhuru. Niliishia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita zipatazo 200 chini ya kilele, na wakanipa kile cheti cha kijani. Kipo kwenye droo. Cha sebuleni ni cha mara ya pili, kwa njia ya Machame, na nitaeleza kwa nini njia inayosifiwa kwa ugumu ndiyo iliyonifikisha.

Lakini kwanza hiyo njia ya Marangu yenyewe. Ukiingia msituni kutoka getini, kila baada ya hatua kadhaa utakuta gogo au mstari wa mawe umelazwa mshazari kukatisha njia. Mgeni anadhani ni ngazi, tena ngazi mbaya, maana haziko sawasawa. Si ngazi. Ni vikata maji. Maji ya mvua yakipata njia ya watu huishika kama mali yao: yanashuka nayo, yanachimba, na masika mawili yakipita unakuta korongo linalofika magotini. Gogo lile la mshazari linayashika maji kabla hayajapata nguvu na kuyatupa pembeni, msituni, kwenye kimfereji kidogo ambacho lazima mtu akizibue kwa jembe kila mara, la sivyo majani yanaziba na maji yanarudi. Kwa hiyo unapotembea pale bila kuteleza, ukiongea na mwenzako habari za mikopo ya benki, kuna mtu ameshika jembe mahali fulani kwa niaba yako. Sisi Wachaga hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Ukoo mzima wa babu zangu uliishi kwa kuongoza maji ya mifongo, yaani mifereji yetu, kutoka mlimani hadi kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kila mwenye mfongo anajua maji huhitaji kuambiwa pa kwenda.

Kisha angalia mwinuko. Kutoka getini hadi Mandara, kutoka Mandara hadi Horombo, kutoka Horombo hadi kibanda cha Kibo, kwa siku tatu nzima hakuna mahali utakapohitaji mkono wako kupanda. Kuna aliyekaa akafikiria magoti yako kabla hujazaliwa. Enzi za Wajerumani kibanda cha kwanza kilipewa jina la Bismarck na cha pili jina la Peters. Leo ni Mandara na Horombo, majina ya mamangi, watawala wa Wachaga wa zamani, na vibanda vyenyewe vina vitanda na magodoro. Mlimani njia hii inaitwa njia ya Coca-Cola, na ya Machame inaitwa njia ya wiski. Inasemekana ni kwa sababu soda zilikuwa zikiuzwa vibandani, lakini nadhani kuna kejeli ndani yake: hii tamu, ile inaunguza.

Sasa mrudishe mtu nyuma hadi kabla ya gogo la kwanza kulazwa.

Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwaka 1887 akafika kwenye barafu akagota. Hakuwa na vifaa vya kuikabili. Mwaka 1888 alirudi na hata mlima hakuufikia: alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri, akafungwa, akajikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria, na safari hii alikuja pia na wazo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko shoka la barafu. Badala ya kukimbilia kileleni na kurudi njaa ikiwashika, alipanga kambi kwa hatua, na watu wa kupandisha chakula kutoka Marangu kwa Mangi Mareale hadi juu kila baada ya siku kadhaa. Kwenye kambi ya juu, katika baridi ile, alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani. Nimejaribu sana kumfikiria. Mtu wa pwani, wa minazi na bahari, anakoka moto kwenye mita zaidi ya 4,000, siku baada ya siku, akiwangoja wazungu wawili warudi kutoka kwenye barafu. Na kule kwetu jina linalosimuliwa ni la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu ambaye inasemekana ndiye aliyewaonyesha njia ya msituni.

Maana njia ya msituni ilikuwapo. Hilo wengi hatulifikirii. Msitu ule ulikuwa na vijia vya wawindaji na warina asali, vijia vya upana wa mtu mmoja. Njia iliisha mahali ambapo haja ya mtu iliisha. Juu ya msitu hakuna asali, hakuna kuni, kuna baridi tu, kwa hiyo hakuna njia. Meyer alitembea kwenye njia za wenyeji mpaka zilipoisha, na pale ndipo mlima wake ulipoanza.

Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye barafu, Purtscheller akaanza kukata ngazi kwa shoka. Kila kikanyagio kilikula mapigo kama 20. Pumzi yenyewe ya kupigia shoka hakuna, na ukimaliza kimoja unasogea hatua moja, unaanza kingine. Walifika ukingoni mwa kreta wakiwa hoi, wakaona kilele kiko upande mwingine na siku imekwisha, wakashuka. Wakapumzika. Walipopanda tena na kufika kileleni, tarehe 6, vikanyagio vile walivyovikata siku tatu nyuma bado vilikuwapo na wakavitumia. Mimi kila nikifika hapo kwenye simulizi hii natabasamu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza kabisa ya Kibo ya juu: safu ya mashimo kwenye barafu, iliyotengenezwa na watu wawili kwa ajili yao wenyewe, ikatumika mara moja.

Mwaka 2014 Karl Egloff, raia wa Ecuador na Uswisi, alipanda kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa Mweka, kwenda na kurudi, kwa saa 6 na dakika 42. Ana mapafu ambayo mimi sina na sitapata, sibishi. Lakini hata yeye, mrudishe 1889 mbele ya ule ukuta wa barafu, mnyang'anye njia, uone kama atakimbia.

Na hapa lazima nikiri jambo linaloharibu kidogo hoja yangu. Ule ukuta wa barafu haupo tena. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kibo mwaka 1912 imekwisha. Leo upande wa Marangu unapanda kwenye kokoto hadi ukingoni, kiatu kikavu. Kwa hiyo mlima wa Meyer na mlima wangu ni milima miwili, na si njia peke yake iliyofanya wa kwangu uwe rahisi. Tena kuyeyuka kwenyewe si mara zote kunarahisisha. Upande wa magharibi, kwenye Western Breach, Januari 2006 mawe yaliporomoka na kuua wapandaji 3 kutoka Marekani, na njia ikafungwa kwa muda. Barafu iliyokuwa inawasumbua wazee wa zamani ndiyo pia iliyokuwa imeyashika mawe yale yasianguke.

Ukitaka kuona kazi ya njia peke yake, bila barafu kukuchanganya, simama Horombo asubuhi na mapema ugeuze shingo kulia. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, ile pale. Mita 5,149, chini ya Kibo kwa karibu mita 750. Hewa ni afadhali. Upande uleule, msitu uleule, mvua ileile. Ila kilele chake cha juu kabisa hakijawahi kupandwa hadi Julai 1912, miaka 23 baada ya Kibo, walipofika Eduard Oehler na Fritz Klute. Meyer na Purtscheller wenyewe, wakiwa bado na joto la ushindi wa Kibo, walikwenda kuijaribu wakashindwa kukifikia kilele hicho. Na hadi leo, wakati Kibo inapokea maelfu ya watu kila mwaka, wakiwemo waliofanya mazoezi kwa kupanda ngazi za ofisi wiki mbili tu (nawafahamu), Mawenzi wanaangalia na kupiga picha.

Nyumbani tunasimulia kwamba Mawenzi alikuwa haishi kwenda kwa Kibo kuomba moto. Akipewa, njiani anauzima, anarudi kuomba tena, na kila akifika anakaribishwa chakula. Mara ya tatu Kibo akashtukia mchezo, akachukua mchi akamtwanga. Ndiyo maana Mawenzi yuko vile, mabega yamechongoka, kichwa kimevunjika. Mwamba wake ni wa kuoza kweli. Unashika jiwe linakuja mkononi. Mwamba wa namna ile haushiki njia. Kila masika mlima unajifuta na kuanza upya, na anayekuja leo hapati faida yoyote ya aliyepita jana.

Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta kule Lengai. Kibo inaweka kumbukumbu ya watu waliopita. Mawenzi haiweki. Lengai ndiyo kabisa, maana ilipolipuka 2007 na 2008 ilibadilisha hata umbo la kreta lenyewe, ikamwaga majivu mapya juu ya alama zote za miguu ya zamani. Kijana yule wa Engare Sero alipokuwa ananiongoza hakuwa anafuata njia. Alikuwa anachagua. Kila hatua mia anasimama nusu sekunde (yeye hashuki akisimama, sijui kwa nini), anamulika kushoto, anamulika kulia, anaamua. Korongo hili lilikuwa linapitika mwezi uliopita. Sasa mvua imelila. Kazi ambayo Marangu ilifanywa na vizazi vitatu vya watu na majembe, yeye alikuwa anaifanya upya kichwani usiku ule, kwa ajili yetu wawili.

Basi, je, njia hurahisisha mlima? Ndiyo, lakini si wote. Huondoa kutafuta, huondoa kukata, huondoa kushika kwa mikono. Hewa haiigusi. Juu pale Uhuru pumzi moja ina takriban nusu ya oksijeni ya pumzi ya Dar es Salaam, na hakuna gogo la mshazari la kukinga hilo. Kibaya zaidi, njia nzuri inakudanganya. Miguu haichoki, kwa hiyo unakwenda. Meyer hakuwa na uwezo wa kupanda haraka kiasi cha kujiua. Mlima wenyewe ulikuwa unamshika shati. Mimi Marangu nilishikwa na nani? Nilitoka getini siku ya kwanza, usiku wa tatu niko kibanda cha Kibo, mita zaidi ya 4,700, natetemeka, siwezi kumaliza hata uji, na saa sita usiku naamshwa kwenda kileleni.

Tunaondoka usiku, kumbuka, kwa sababu zile kokoto za juu huganda kwa baridi na kushikana. Mchana zikiyeyuka zinakuwa kama Lengai. Hata hapo kuna akili ya njia: si mahali pa kupita tu, ni saa ya kupita. Na haiendi wima. Inakata kushoto, inarudi kulia, kushoto, kulia, ukitazama juu unaona tochi za watu zimejipanga kama nyoka wa taa. Nilihesabu zile kona hadi 40 nikapotea. Kuanzia pango la Hans Meyer kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu ndani. Karibu na ukingo nilitapika. Mwongozaji wangu aliniuliza jina la mama yangu, nikamjibu baada ya kufikiri. Akaniuliza leo siku gani, nikamwambia Desemba. Tulipogusa ubao wa Gilman's akasema, "Hapa panatosha, dada." Sikubisha. Mwenzangu mmoja alikuwa amekwisha rudishwa chini hata kabla ya pango.

Wote watano tulikuwa tumechagua Marangu kwa sababu tuliambiwa ndiyo rahisi. Na ni kweli ndiyo rahisi, kwa miguu.

Miaka miwili baadaye nikarudi kwa Machame, siku saba badala ya tano. Njia ile inapanda, inashuka, inapanda, kama haijui inataka nini. Siku ya tatu unapanda kutoka Shira hadi Lava Tower, mita kama 4,600, unakula chakula cha mchana kichwa kikiuma, halafu, unapoona sasa kilele kiko karibu, wanakushusha mita zaidi ya 600 hadi Barranco kulala. Nilikasirika. Nilimwambia mwongozaji kwamba nyie watu mnatuzungusha tu ili siku ziongezeke. Akacheka, akasema wote wanasema hivyo. Lakini usiku ule nililala, nikala, nikaomba uji wa pili. Mwili ulikuwa umepelekwa juu ukaonyeshwa, ukarudishwa chini ukafikirie. Yaani kule kuzungushwa ndiyo dawa. Njia ndefu na yenye mikwaruzo ilinifikisha mahali ambapo njia fupi ya kiungwana ilinikatalia, na tangu hapo mtu akiniuliza njia ipi ni rahisi namuuliza kwanza: rahisi kwa kiungo gani?

Barranco asubuhi unaamka na kuona ukuta. Umesimama mbele ya hema lako, wa mita zinazokaribia 250, na juu yake kuna watu wadogo kama siafu. Niliapa kwamba siendi. Halafu nikaona mgumu mmoja anaupanda na mtungi wa gesi begani na kreti la mayai kichwani, mkono mmoja tu ndio unafanya kazi. Ukuta ule ukiukuta mahali pengine, haujaguswa, ungeitisha kamba. Hapa miamba imesuguliwa na maelfu ya viganja mpaka inang'aa kama ngazi za kanisa la zamani, na kila penye shaka mwongozaji anakwambia, "Kushoto mguu, kulia mkono, sasa vuta." Kuna jiwe moja la kulikumbatia kifua kwa kifua upite pembeni yake, wanasema ulibusu, na wengi wanalibusu kweli. Nilifika juu nikiwa nacheka. Sikuwa nimepanda ukuta kwa akili yangu hata kidogo. Nilikuwa nimesomewa.

Kule Nepal mambo haya yamefika mbali zaidi. Kila msimu kabla wapandaji wa Everest hawajagusa barafu ya Khumbu, kikosi cha Masherpa kinatangulia kuweka ngazi na kamba kwenye nyufa zake, na kinazitunza msimu wote kwa sababu barafu ile inatembea. Tenzing na Hillary, waliofika kileleni wa kwanza mwaka 1953, hawakuwa na kikosi cha kuwatangulia hivyo; msafara wao wenyewe ndio uliotengeneza njia. Kila ninapomsikia mtu anabeza kwamba siku hizi Everest ni foleni tu, najiuliza kama amewahi kufikiria ni nani anayelala pale kwenye nyufa akirekebisha foleni hiyo.

Niliona pia, bila kutaka, jinsi njia ilivyo nyembamba. Ilikuwa baada ya Shira, ukungu umeshuka. Nikaomba udhuru, nikaenda nyuma ya mwamba kujisaidia. Hatua hamsini, labda sitini. Nilipomaliza nikageuka, mwamba wangu ukawa na ndugu zake sita, wote wanafanana. Sauti za wenzangu nilikuwa nazisikia, lakini ukungu unaibeba sauti na kuiweka pande zote. Nikatembea kuelekea nilikodhani ndiko. Udongo ukabadilika: pale njiani ni mgumu, umekanyagwa, una rangi nyepesi, hapa ulikuwa unadidimia chini ya kiatu, umejaa vijani vigumu vya kijivu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvikanyaga. Nilikuwa kwenye Kilimanjaro, mlima uleule, siku ileile ambayo watu pengine mia mbili walikuwa wanaupanda, na ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshaanza kupumua kama mtu anayekimbizwa. Mgumu mmoja aliyekuwa anapita na mzigo akapiga mluzi, kwa bahati tu, wala hakuwa ananipigia mimi. Nikaufuata. Nilipoona rundo la kwanza la mawe, matatu yaliyopangwa, madogo kama mtoto anacheza, nililigusa kwa mkono.

Sikumwambia mtu. Nilisema tumbo lilikuwa linasumbua.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikamkuta baba mdogo ameketi nje, mgongo kwenye jua. Goti la kulia halikunji tena. Nikaamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwonyesha picha kwenye simu: getini, msituni, Horombo, na zile za Lengai nikiwa mweupe wa majivu kama mtu aliyetoka kinu cha unga. Za kilele alizipita. Alirudi kwenye picha moja ya msituni, ambayo niliipiga kwa bahati mbaya wakati natoa simu mfukoni, inaonyesha viatu vyangu na gogo.

"Hapa ni kabla ya Mandara," akasema.

"Umejuaje, baba mdogo?"

"Penye mizizi. Hapa mguu ulikuwa unazama mpaka hapa." Akaonyesha katikati ya ugoko. "Mzigo kichwani, hakuna mizani, mizani ilikuwa jicho la mwenye safari. Siku hizi mnasema kilo ngapi?"

"Ishirini, ndiyo sheria."

Akaguna. Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, anatafuta mahali macho yatakapokubali. "Tulikuwa tunakata miti midogo wenyewe tunatupa hapo, tupate pa kukanyaga. Tukirudi Ijumaa imeshazama. Tunakata mingine." Akagusa kioo kwa kidole, picha ikaruka, nikamrudishia. "Nani kaweka hili gogo?"

Nikamwambia ni watu wa hifadhi, nadhani.

"Limekaa vizuri," akasema, akanirudishia simu, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.